Ombi la Cheti cha Kuthibitisha Kwamba Familia Yangu Haimo Katika Loji Yenu

Kasungami, Lubumbashi, tarehe 28 Novemba 2024

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Loji, Mlinzi wa Damu za Zamani, Mwenye Kutawala Dunia kwa Siri

Anuani: haijulikani (na nadhani ndivyo mnavyopenda)

Kwa njia ya: Mkuu wa Mtaa wetu, ambaye amekataa kuipokea barua hii lakini ameisoma yote

Kuhusu: cheti cha kutokuwa mwanachama, na kama hakipatikani, faida zote za uanachama

Mheshimiwa Mkuu,

Mimi, Stanislas Badibanga, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, mwalimu wa hesabu wa zamani, sasa mpiga chapa wa barua, maombi na CV katika kibanda changu cha bati kando ya barabara, naja mbele yako kofia mkononi kukuletea malalamiko ambayo hakuna ofisi nyingine iliyokubali kuyapigia muhuri.

Kwanza nijitambulishe, maana unaweza kusema hunijui, na hicho ndicho kiini cha malalamiko yangu. Hunijui. Hujapata kunijua. Baba yangu pia hukumjua, na harusini kwangu hukuja. Lakini Kasungami nzima inasema mimi na wewe tunakula sahani moja.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha vitabu, kile tulichofundishwa na masista, kwa sababu muntu anayetawala dunia haandikiwi kama jirani wa ukutani. Lakini hasira ikinipanda, Kiswahili chetu cha Lubumbashi kitatoka chenyewe, na hapo unisamehe, Mukubwa, juu hasira haijue grammaire ya masista.

Mambo yalianza hivi. Binti yangu Exaucée, muuguzi, amependana na Jérémie, mtoto wa Baba Kakule. Baba Kakule ni Mnande wa Butembo, muuzaji wa jumla wa maharagwe na mafuta, mwenye malori yanayopanda hadi Kasomeno na kupita. Kijana ana adabu, ana kazi, na akimwangalia binti yangu anasahau kufunga mdomo. Mimi na mke wangu Clotilde tulimpenda siku ya kwanza.

Mwezi wa saba familia yake ikaja kwetu kujitambulisha. Sasa, sisi ni watu wa Kasai, na kwetu mgeni wa namna hiyo hapewi kiti na soda tu. Anapewa kasala: anatajiwa mababu wa nyumba ile, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sifa zake, ili ajue binti anatoka mikononi mwa nani. Msema kasala wetu ni binamu yangu Dédé. Siku ile Dédé alikunywa maji tu na bado alipaa. Alitaja mababu kumi na wanne. Kumi na wanne, Mukubwa! Alimtaja yule aliyelala pango moja na chui, na asubuhi ni chui aliyeamka amechoka. Alimtaja yule aliyedaka radi kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa unakula. Alimtaja aliyevuka mto bila kuloa, akakumbuka kwamba amesahau fimbo, akarudi kuichukua, tena bila kuloa. Mama Clotilde alilia machozi ya fahari, na mimi mwenyewe nilijiona nimerefuka.

Shangazi wa kijana, Mama Émerance, hakulia. Aliinua simu yake, akachukua video tangu babu wa kwanza hadi wa kumi na nne, bila mkono kutikisika.

Wakala bukari, ugali wetu, na mbuzi, wakaaga vizuri, wakaahidi kurudi baada ya mwezi mmoja kuchukua orodha ya mahari. Hawakurudi. Mwezi wa nane kimya, wa tisa kimya, wa kumi kimya, na huu wa kumi na moja ndio huo unaisha. Jérémie akiulizwa anasema baba yake anasema bado wanajitayarisha. Wanajitayarisha nini, ni mtihani wa serikali? Exaucée anaenda kazini, anarudi, anapika, anaosha vyombo. Hajalia mbele yetu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto anayelia unamshika. Asiyelia utamshika wapi?

Na wakati sisi tunangoja, ile video ilitembea. Ilitoka simu hadi simu mpaka ikamfikia Nabii Ariel, mwenye chumba cha maombi nyuma ya duka la dawa. Nabii akaitengenezea video yake mwenyewe, dakika arobaini na tano, yenye mishale myekundu. Anaeleza humo kwamba mababu kumi na wanne si mababu bali ni ngazi kumi na nne za loji, hicho chama chenu cha siri. Anaeleza kwamba damu yetu ilianzia Misri, ikapita kwenye nyumba za wafalme wa Ulaya, ikashuka Kasai, ikapanda treni, ikaja kukaa Kasungami. Kwa nini damu yenye akili kiasi hicho ichague Kasungami, ambako hata bomba la maji limekataa kufika, Nabii hakueleza. Lakini bantu wameelewa. Na mimi pia nimeelewa kwa nini Baba Kakule amenyamaza: nani atapeleka mtoto wake katika nyumba ya damu kama hiyo?

Basi, kwa ajili ya binti huyo mmoja niliye naye, naomba usome mateso yangu, ambayo nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Kuhusu umeme. Nabii anasema watu wa loji hawajui giza. Mheshimiwa, barua hii naipiga kwa mashini ya mkono, ile ya chuma, kwa sababu kompyuta yangu imekuwa meza ya kuwekea chai. Kwetu umeme ukija wakati wa misa tunaacha misa tunakimbia kupiga pasi. Kama mimi ni wa kwenu, waya wangu uko wapi?

2. Kuhusu vilio. Alifariki mzee mmoja wa mtaa wetu, miaka tisini na moja, mgonjwa tangu nchi ilipoitwa Zaire. Nikaenda kilioni kama desturi, na kiti changu begani. Wakaanza kunong'ona: "Amekuya kuangalia kazi yake." Juma lililofuata kikawa kilio kingine, nikabaki nyumbani. Wakasema: "Unaona? Anakimbia kazi yake." Kilio cha tatu nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, saa mbili nzima, mpaka kiuno kikakufa. Wakasema napima parsele, yaani kiwanja cha marehemu. Sasa Mukubwa, minafanya namna gani? Muzee wa miaka tisini na moja, mimi namuua ya nini? Alikuwa ananisalimiaka vizuri!

3. Kuhusu kushikana mikono. Katika dakika ya kumi na tisa Nabii anaonyesha salamu yenu ya siri: kidole gumba kinabonyeza kiungo cha kidole cha tatu. Nikasema vizuri, angalau nitawapata wenzangu wanisaidie kukanusha. Nikambonyeza fundi viatu, akaniuliza kama nina homa. Nikambonyeza padri, akanipa toba. Nikambonyeza afisa mmoja wa ofisi nisiyoitaja. Yeye peke yake aliitikia. Aliurudisha mkono haraka, akafungua kiganja chini ya meza, akakuta hakuna kitu, akakasirika mpaka leo. Faili langu la parsele nalo limepotea tangu siku hiyo. Naomba mfundishe wanachama wenu salamu isiyofanana na mambo mengine.

4. Kuhusu amani ya kanisani. Padri akisema tupeane amani, benchi langu linapungiwa mkono kwa mbali kama treni inayoondoka.

5. Kuhusu kichuguu. Ndani ya parsele yangu kuna kichuguu kikubwa kuipita nyumba. Lubumbashi hii nani hana kichuguu? Lakini changu, kwa mujibu wa video, kimefunika mlango wa ukumbi wenu, na chini kuna ngazi za marumaru. Mapema mwezi huu Nabii alifika na wajumbe kumi na wawili, majembe sita na ndoo ya chumvi iliyoombewa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha asubuhi. Walichimba wakiimba kwa sauti nne, na niseme ukweli, waliimba vizuri. Badala ya mlango zikatoka kumbikumbi, zile tunaziita nswa, wingu zima. Sasa wewe unamjua muntu wa Katanga akiona nswa. Au humjui, kwa kuwa hunijui mimi. Majembe yalitupwa. Kofia zilivuliwa zikawa vikapu. Mama Clotilde akawasha mbabula mbili, yale majiko yetu ya makala, yaani makaa, akakaanga, na ile chumvi iliyoombewa iliishia pale pale kwenye sufuria. Nabii alikula mpaka akasahau sala ya kufunga, akanishukuru kwa mikono miwili, akabeba nyingine kwenye mfuko. Kesho yake akatangaza kwamba loji ilimshinda kwa uchawi wa chakula. Kichuguu changu sasa kina shimo, na mvua inaingia.

6. Kuhusu waombaji. Hapa ndipo nachanganyikiwa, Mheshimiwa. Bantu hao hao wanaoniogopa kilioni wanakuja kibandani kwangu kuomba kazi kwenu. Na kwa kuwa mimi ndiye mpiga chapa wa mtaa, barua zao za kuomba kuingia katika loji ninazipiga mimi. Mpaka jana zimefika kumi na saba, na nakuambatanishia zote. Nakuomba uiangalie kwa jicho la huruma ile ya Mama Nono, muuza makala. Penye ujuzi ameandika: kutunza siri. Penye mashahidi ametaja watu watatu ambao aliwaambia siri hizo. Penye lugha ameandika Kifaransa, Kiswahili, na "nyingine zitakuya zenyewe". Sijui kama mnalo pengo la muuza makala, lakini huyu mwanamke ni mchapakazi.

7. Kuhusu mke wangu. Nasikitika kusema kwamba Clotilde ameanza kuipenda hali hii. Kwenye kisima wanawake wanampisha, ndoo yake inajaa ya kwanza. Sokoni wanamwongezea sombe, majani ya muhogo, bila kuomba, wakirudi nyuma hatua mbili. Zamani mama huyu alikuwa anatembea haraka, kidogo akimbie. Siku hizi anatembea polepole, anageuza shingo yote pamoja na mabega kama mke wa gavana. Nilipomwambia kwamba naandika barua hii alinijibu kwamba ningengoja kwanza amalize kujenga heshima. Nikamkumbusha mtoto. Akaketi, akaniambia niandike, niandike upesi, na niandike vikali. Kwa hiyo ukali wowote utakaouona hapa ni wa familia nzima.

8. Kuhusu damu yenyewe. Hapa naomba uketi, kwa sababu nimepiga hesabu. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita, kwanza Mitwaba, halafu hapa mjini, na sijawahi kushindwa na hesabu iliyokaa kimya nikaiangalia. Kila muntu ana wazazi wawili. Juu yao wanne. Juu yao wanane. Panda hivyo vizazi kumi, unapata bantu 1,024. Panda ishirini, wamepita milioni moja. Panda thelathini, wamepita bilioni moja, na wakati ule dunia nzima haikuwa na bantu bilioni moja. Wametoka wapi? Mwanafunzi wa mwaka wa sita angeona jibu: ni wale wale, wanarudi mara nyingi. Mababu wa fulani ndio mababu wa fulani. Kati yao lazima yumo mfalme, yumo mtumwa, yumo mwizi wa kuku, na wote ni wa kila mmoja wetu.

Kwa hiyo damu ya zamani, Baba Kakule anayo. Nabii Ariel anayo, na kwa jinsi alivyokula nswa naona yake ni ya kifalme hasa. Mama Nono anayo. Fundi viatu anayo. Loji yenu ya wateule wachache, Mheshimiwa, ni sisi wote. Na kama ni sisi wote, mnamficha nani hiyo siri? Mko mnakutana chumbani, mmefunga pazia, mmevaa aproni zenu za loji, mnajificha kwa bantu ambao nao ni wanachama. Nilipofika hapo nilicheka mpaka karatasi ikaanguka.

Kisha nikaacha kucheka. Maana kama wote ni damu moja, Exaucée na Jérémie ni ndugu, na ndugu hawaoani. Nikafuta, nikahesabu upya kuanzia wawili. Mawe! Jibu lile lile. Tena kuna baya zaidi: Clotilde ni dada yangu, na tumelala kitanda kimoja miaka thelathini. Nilimpasha habari hiyo kwa upole, nimemshika mkono. Aliniangalia sana, akasema kama mimi ni kaka yake basi nije nimchambulie mchele, kwa sababu kaka zake wale wengine wanamsaidiaka. Nilichambua, na wakati nachambua nikaona njia: cheti chenu kitaje wazi kwamba damu ya zamani, ikishafika Kasungami, ihesabiwe kuwa imekwisha nguvu, na watoto wanaruhusiwa kuoana.

9. Kuhusu nani mkubwa. Nabii huyo huyo anasema, dakika ya thelathini na nane, kwamba familia zenu kubwa kule Ulaya zinahesabu vizazi kumi na viwili, na wanajivunia mpaka wanavitundika ukutani. Mheshimiwa, nimekuita Mukubwa tangu mwanzo kwa malezi mazuri niliyopewa. Lakini sisi tunavyo kumi na vinne, vimesemwa mbele ya mashahidi na video ipo. Kumi na nne kutoa kumi na mbili inabaki mbili. Kwa ukongwe wa damu, basi, wewe ni mdogo wangu. Si mimi niliye chini ya loji yako. Ni loji yako iliyo chini yangu, na imekaa huko miaka yote bila hata kuja kunisalimia Mwaka Mpya. Kuanzia mstari huu, barua hii imeacha kuwa ombi. Ni maagizo ya mkubwa kwa mdogo wake, na kama ulikuwa umeketi kama nilivyokuambia hapo juu, sasa simama.

Kwa cheo hicho nilichokipata kihalali kwa kutoa, nakuagiza haya. Uniletee cheti chenye muhuri na saini mbili, kikisema kwamba Stanislas Badibanga, mke wake na binti yake hawamo, hawakuwahi kuwamo, na mkiulizwa mtasema hamtujui. Kama cheti hakiwezekani kwa sababu ya siri zenu, basi niletee faida zote tangu mwezi wa saba: umeme, waya wa umeme, bomba la maji, bati la kufunika kile kichuguu, na faili langu la parsele. Siwezi kubeba sifa mbaya kwa mkono mmoja na mkono wa pili uwe mtupu. Haki iko wapi hapo? Muntu aliyesingiziwa wizi wa mbuzi angalau bamuachie supu!

Na kama hayo mawili yote yanakushinda, njoo mwenyewe. Panda ndege, panda moto ile ya magurudumu mawili, panda lori, nenda kwa Baba Kakule umwambie uso kwa uso kwamba mimi ni mpiga chapa tu. Uvue hiyo aproni mlangoni kwanza, usimtishe. Mwambie kwamba sitaki kutawala dunia. Dunia yenyewe mnavyoitawala naona imewashinda. Nataka binti yangu aolewe na muntu anayempenda. Mwambie binti huyu anachelewa kula kwa sababu anangoja simu ilie. Mwambie nimekuwa napita mbele ya duka lake mara tatu kwa juma nikijifanya natafuta sabuni, nina sabuni nyumbani ya kuogesha jeshi, na sijapata ujasiri wa kuingia. Mengine sina. Ni hayo tu.

Nikiamini kwamba jicho lenu linaloona kila kitu linaona pia kalenda, nangoja jibu lako kabla ya Noeli. Nisalimie mama wa nyumba yako na watoto, wa wazi na wa siri. Nisalimie wakuu wa ngazi zote kumi na nne, wale wazee wanaotunza vitabu, mpishi wenu, mlinzi wa mlango, na mbuzi wenu kama bado yuko hai. Mama Clotilde anakusalimia polepole. Exaucée hajui kwamba nimeandika, lakini angejua naye angekusalimia, kwa sababu tumemlea hivyo.

Mkubwa wako kwa vizazi viwili, na mtumishi wako kwa mengine yote,

Stanislas Badibanga
Mpiga chapa

Nakala kwa: Mkuu wa Mtaa (ameshaisoma), Padri wa parokia (kwa toba iliyobaki), Nabii Ariel (na chumvi kidogo).

N.B. Mheshimiwa, nilikuwa natafuta bahasha inayolingana na cheo chako, Baba Kakule akaingia kibandani. Peke yake, kwa miguu, mtu mwenye malori! Akafunga mlango, akachungulia dirishani kushoto na kulia, akaketi kwenye kiti cha wateja. Nikasema moyoni, leo anakuja kumkataa mtoto wangu.

Kumbe ile video ya Nabii hajaiona hata dakika moja. Anasema hana muda wa mishale. Anayoijua kwa moyo ni ile ya Mama Émerance. Shangazi yule aliichukua ili wakahesabu vizuri nyumbani, na kila wakihesabu wanapata kumi na wanne. Wao wenyewe wanafika wanne. Wakamtuma muntu Butembo kwa wazee, wazee wakampa wa tano, lakini wakabishana kama alikuwa muntu ao kilima. Hiyo miezi minne yote walikuwa wanatafuta mababu! Anasema hawezi kuja kuomba binti wa mababu kumi na wanne akiwa na wanne na kilima. Watamcheka, na kijana wake atakuwa mdogo ndani ya nyumba yetu maisha yake yote. Machozi yalimlengalenga. Halafu akashusha sauti, akaniomba, kwa kuwa mimi ni mpiga chapa na karibu nitakuwa ndugu yake, nimpigie chapa mababu kumi wa kujazia wale wanne, na nisimwambie muntu.

Wewe huna wa kumwambia, kwa hiyo nakuambia. Kati ya kumi na wanne wetu mimi nawajua watatu: baba yangu, babu aliyefika hapa kwa treni kuchimba shaba, na baba yake huyo, ambaye tumebaki na jina lake tu. Kumi na mmoja niliwapiga mwenyewe mwezi wa sita kwa mashini hii hii. Niliogopa Baba Kakule akifika ataona Exaucée ni mtoto wa muntu wa kibanda. Dédé alipewa karatasi, akaikariri juma zima. Nilitaka kumwambia Baba Kakule hayo yote, nilifungua mdomo kabisa, na kilichotoka kikawa: karatasi iko, tuanze.

Kwa Wanande kazi ni nyepesi, maana majina yao yanafuata zamu ya kuzaliwa. Kila kizazi kina Kambale wake na Kasereka wake, nani atabisha? Tumefika wa saba. Baba Kakule haketi tena, ananitolea sifa huku anarusha mikono, na huyu wa saba ameshanyonga mamba wawili, anataka wawe watatu. Watakuja Jumamosi ya tarehe 14 Desemba. Nimempigia Exaucée simu. Sasa analia, mama yake amemshika, na wote wawili wananiambia nisichelewe kurudi.

Kwa hiyo cheti usilete, faida usilete, na ule ukubwa wangu wa vizazi viwili naufuta. Lakini kama katika damu yenu ya zamani kuna mahali mmeacha pengo, msione haya, Mheshimiwa. Nafungua saa mbili asubuhi kila siku isipokuwa Jumapili, na mlango unafungika kwa ndani.